Mkunga na harufu ya bara

Ndugu yangu Salim,

Baada ya salamu, nataka nilijibu lile swali uliloniachia tulipoagana: yule mkunga, samaki mrefu kama nyoka, tuliyemwona akivuliwa katika Mto Athi, mbali kabisa na bahari, aliujuaje mto ambao hakuzaliwa humo? Ulidhani anaukumbuka, kama samoni anavyoikumbuka harufu ya kijito alikototolewa, jambo ambalo wanabiolojia Hasler na Wisby walilieleza mwaka 1951. La hasha. Mkunga wa mtoni huzaliwa baharini, na anapofika pwani, akiwa mwembamba na mwangavu kama kioo, hajapata kuyaonja maji baridi hata siku moja. Hana cha kukumbuka, ana pua tu.

Aliyenifumbua macho ni mtafiti Creutzberg, aliyewachunguza mikunga wachanga huko Uholanzi na kuchapisha matokeo yake mwaka 1961. Aliona kwamba maji yanapokupwa na kuleta harufu ya bara, wadogo hao huzama na kukaa chini ili wasirudishwe baharini, na yanapojaa, harufu hiyo ikafifia, huinuka na kujiachia wachukuliwe na mkondo kuelekea nchi kavu. (Manahodha wetu wangeielewa hesabu hiyo upesi: hushindani na maji, unayangoja.) Wala usidhani kuwa wanapima upungufu wa chumvi, kwani maji yaleyale ya bara, yakishachujwa kwa mkaa unaonasa harufu na kuiacha chumvi ilivyo, hayakuwashughulisha tena.

Sehemu ya harufu hiyo unaijua wewe mwenyewe. Ni geosmini, inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, ileile inayonukia mvua ya kwanza inapoiangukia ardhi kavu. Mwaka 1993 Tosi na Sola walionyesha kuwa mikunga wachanga wa Ulaya, wakiwa katika maji baridi, huvutwa nayo hata ikiwa kidogo mno.

Majaribio haya ni ya mkunga wa Ulaya, na wa kwetu ni spishi nyingine, ijapokuwa nao huingia kutoka Bahari ya Hindi wakiwa wadogo vivyo hivyo. Kwa hiyo ukija Malindi wakati wa masika, tuteremke usiku hadi Athi inapoingilia baharini kwa jina la Sabaki, tuchukue taa na kimia chenye matundu madogo, tungoje maji yaanze kujaa.

Wasalaam,
Rafiki yako wa siku zote