Taarifa ya Mwenyekiti: Joto, Udongo na Ng'ombe Wasioshika Mimba

Wanachama wenzangu,

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nitashika jambo moja lililotuumiza Januari hadi Machi: ng'ombe kupandishwa mara tatu, mara nne, na bado hashiki.

Machi nilifika kwa mwenzetu mmoja Dagoretti, saa nane mchana. Mabati ya zizi yako chini, unayagusa kwa mkono. Friesian wake alisimama mdomo wazi, mate yakidondoka, hacheui, na ndoo ya maji kavu. Akaniambia, "Mwenyekiti, mbegu za siku hizi ni mbovu." Sikukubali. Mwili wa ng'ombe huwa na nyuzi kama 38.5. Ukipita 39, yai hudhoofika, na mimba changa huharibika kabla hatujajua iliingia. Tena joto la jua huzima joto la kutaka fahali: dalili huwa fupi, na mara nyingi hutokea usiku tumelala.

Wengi mmeuziwa bentonaiti na zeolaiti, udongo wa madini wa kuchanganya na chakula cha ng'ombe, kama dawa ya kushikisha mimba. Sivyo. Udongo huu hufanya kazi kwenye tumbo la chakula. Ng'ombe anayehema humwaga mate ambayo yangepunguza uchachu wa tumbo la kwanza. Udongo husaidia kuutuliza. Bentonaiti hunasa aflatoksini, sumu ya mahindi na pumba zenye ukungu, isiingie damuni wala kwenye maziwa. Zeolaiti hunasa amonia, hewa kali inayotokea chakula kikivunjwa tumboni. Tumbo likitulia ng'ombe hula, na asiyekonda ndiye anayerudi upesi kwenye mzunguko wake wa siku 21. Msaada upo, ila zizi likiwa tanuri hautaonekana.

Nawasihi pia msichimbe udongo wa mtoni wala kuchukua wa mfinyanzi. Mwaka 1997 Marekani ilizuia aina moja ya udongo wa ufinyanzi kutiwa kwenye chakula cha mifugo kwa sababu ulikutwa na sumu ya dioksini. Nunueni uliotengenezwa kwa mifugo, mpime kama mfuko unavyosema, maana ukizidi hunasa hata madini ambayo ng'ombe anayahitaji.

Kwa hiyo kamati inapendekeza mkopo wa mwaka huu uanze na kuinua mapaa na kununua matangi, ili maji yawepo mchana na usiku. Udongo tutauagiza kwa pamoja baadaye, kwa waliokwisha kutengeneza zizi.

Daftari ziko mlangoni. Andika jina la ng'ombe, saa uliyoona dalili na siku aliyopandishwa, kisha uhesabu 21 na usiku huo utoke na tochi kuangalia kama dalili zimerudi.