Malalamiko: upau wa zana mliouingiza kwenye kivinjari changu bila idhini

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtumiaji wa programu yenu ya bure ya kubadilisha faili za video. Programu yenyewe inafanya kazi vizuri, na kwa hilo sina neno. Ninacholalamikia ni vile mlivyoviingiza pamoja nayo.

Kompyuta yetu ya kazini ina Windows 7 na tunatumia Internet Explorer 8. Najua ni kivinjari cha 2009. Kabla hamjanishauri nihamie kipya, naomba mnielewe: mfumo wetu wa hesabu za stoo unategemea ActiveX, teknolojia ya Microsoft ya kuendesha vijiprogramu ndani ya Internet Explorer, na ActiveX haifanyi kazi kwenye Chrome wala Firefox. Tumebaki hapo kwa lazima, ndiyo maana kila kinachoongezwa kwenye kivinjari hiki nakichunga sana.

Siku ya kusakinisha nilichagua njia ya haraka. Kisanduku cha kukubali upau wa zana kilikuwa upande wa usakinishaji maalumu, tayari kimewekwa tiki. Sikukiona, na naamini kiliwekwa huko ili nisikione. Nilipofungua kivinjari nikakuta upau wenu umekaa chini ya sehemu ya anwani, ukurasa wa mwanzo umebadilishwa, na kila nikitafuta kitu napelekwa kwenye ukurasa wenu uliojaa matangazo.

Nikafungua dirisha la kusimamia viongezo kwenye menyu ya zana, nikachagua kuonyesha vyote, maana orodha inayojitokeza kwanza huonyesha tu vile vilivyopakiwa wakati huo. Chini ya jina la kampuni yenu kulikuwa na vitu viwili: upau wenyewe, na kijiprogramu kingine kinachofanya kazi kimyakimya nyuma yake. Nikavizima vyote. Nikaingia kwenye orodha ya injini za utafutaji, nikairudisha ya zamani kuwa chaguo-msingi, nikaifuta yenu, kisha nikaweka tiki ya kuzuia programu nyingine zisipendekeze mabadiliko. Nikawasha kompyuta upya. Upau ulikuwa umerudi, na injini yenu pia.

Hapo ndipo paliponiuma. Mwenye kompyuta akizima kitu, amekataa. Siku tatu nilihangaika hadi nikagundua kuwa mmeweka programu ndogo inayoanza pamoja na Windows, nayo kazi yake ni kuangalia kama upau umezimwa na kuuwasha tena. Haikuondoka hata nilipoondoa programu ya video. Ilibidi niitafute peke yake, kwa jina lisilofanana kabisa na lenu. Kwa nini ifichwe hivyo, kama ni kitu ambacho mteja amekikubali?

Hasara yake haikuwa ndogo, maana kivinjari kilikuwa kinasuasua. Nilijaribu kufungua kivinjari bila viongezo vyovyote na kilifunguka mara moja, lakini kwa njia hiyo ActiveX nayo huzimwa, kwa hiyo mfumo wa stoo haukufunguka. Mwenzangu wa zamu ya jioni, alipoona kivinjari kinasuasua, alizima kila alichokiona kwenye orodha, pamoja na kidhibiti cha ActiveX kinachotumiwa na mfumo wa stoo. Asubuhi tulipokea mzigo kwa kuandika kwenye karatasi, na kuingiza takwimu hizo upya kulichukua nusu siku. Yeye hana kosa. Orodha ile ina majina magumu, na nyinyi mlizidisha mkanganyiko.

Naomba mtoe kiondoaji kimoja kinachofuta upau, kijiprogramu chake na ile programu ya kuuwasha tena, na kinachorudisha ukurasa wa mwanzo na injini ya utafutaji kama vilivyokuwa. Naomba pia kisanduku kile kionekane katika njia zote za usakinishaji, kikiwa hakina tiki, na mtu akizima upau ubaki umezimwa.

Kompyuta nyingine mbili za idara yetu bado zina upau huo. Nimeambatisha picha za skrini zinazoonyesha hali kabla na baada ya kuwasha upya. Nitashukuru kupata jibu la maandishi kutoka kwa mtu aliyezifungua na kuziangalia.

Wenu,
Msimamizi wa kompyuta, idara ya stoo