Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kiti cha Kupumzikia cha Ndani na Nje

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji, nawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama kwa mwaka unaomalizika. Vikao vimefanyika kwa ratiba, wanachama wapya wamepokelewa, na habari za mapato na matumizi mtazisikia kwa mhazini. Nguvu zetu nyingi zimekwenda kwenye agizo la mkutano uliopita: kubuni kiti cha kupumzikia cha plastiki ya kalibu, yaani plastiki iliyoyeyushwa na kudungwa ndani ya kalibu ikapoa na kushika umbo lake, kinachofaa sebuleni na bustanini, ambacho hatutaona aibu kukiita rafiki wa mazingira.

Maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo yaliyotuweka vikaoni muda mrefu. Kamati ndogo ya usanifu ilipoanza, wengi walidhani kazi ni kutafuta plastiki iliyorejelezwa na kuijaza kwenye kalibu. Msimamo wangu, ambao kamati imeukubali baada ya mabishano ya kweli, ni kwamba kiti kipimwe kwanza kwa miaka kitakayokaliwa. Kiti kilichotengenezwa kwa taka tupu kikapasuka baada ya misimu michache kimeirudisha taka ileile jalalani, na mwenyewe ameshakwenda kununua kingine.

Historia ya fani yetu inalionyesha hili wazi. Kiti cha msanifu wa Kidenmaki Verner Panton, kile cha kipande kimoja kisicho na miguu ya nyuma, kilianza kuzalishwa na kampuni ya samani ya Vitra mwaka 1967 kwa poliesta, aina ya plastiki, yenye nyuzi za kioo. Nyenzo zikabadilishwa, na mwaka 1979 uzalishaji ukasimamishwa kwa sababu plastiki iliyotumika wakati huo ilikuwa inazeeka na kuvunjika. Kikarudi mwaka 1983 kwa povu gumu la plastiki ya poliyurethani, na toleo la polipropilini, plastiki ya kiti chetu pia, likaja mwaka 1999. Umbo ni lilelile. Kilichotafutwa miaka yote hiyo ni nyenzo ya kulibeba. Upande mwingine kuna Fauteuil 300, kiti cha plastiki cha Mfaransa Henry Massonnet, ya mwaka 1972, iliyotoka kalibuni kwa chini ya dakika 2. Wepesi huo umewapa kiti watu wasiomudu cha mbao, nami sitaki mwanachama yeyote aubeze. Lakini wepesi huohuo umetuzoesha kukiona kiti cha plastiki kuwa kitu cha kutupwa.

Kabla ya kuchora chochote, tulikusanya viti vilivyochoka na kuvichunguza. Ukipitisha kidole kwenye egemeo la kiti kilichokaa juani miaka mingi, kidole hutoka na unga mweupe kama chaki. Miale ya urujuanimno iliyomo kwenye mwanga wa jua huikata minyororo ya molekuli za polipropilini kuanzia juu, kisha nyufa nyembamba huanza kushuka ndani. Nyufa kubwa tulizikuta mahali palepale kila mara: pale egemeo linapokutana na kikalio, na kando ya matundu ya kutolea maji. Tundu lina sababu yake. Plastiki iliyoyeyuka ikifika kwenye tundu hugawanyika, hupita pande mbili, na hukutana tena ng'ambo ikiwa imeanza kupoa. Hapo hubaki mshono ambao jicho halioni kwa urahisi, na ndio huachia kwanza.

Kwenye kiti cha kupumzikia tatizo hilo huzidi. Kikalio chake kimelalia nyuma, kwa hiyo maji ya mvua hujikusanya nyuma, palepale penye mzigo mkubwa. Mchoro tuliopitisha una mfereji mpana usio na kina unaoyapeleka maji kwenye uwazi mmoja, na mlango wa kuingizia plastiki umewekwa ili mshono uangukie pembeni, mbali na uzito wa mkaaji.

Mkaaji wa kiti hiki pia hakai dakika kumi kisha akaondoka. Hukaa saa nyingi, na plastiki iliyobeba mzigo mrefu kwenye joto hulegea taratibu. Baadhi yenu mlipendekeza tuchanganye nyuzi za kioo ili tupate ugumu. Ni kweli zingesaidia, lakini hukatikakatika kila plastiki inaposagwa na kuyeyushwa upya, na kiti kisingeweza kuchanganywa na polipropilini ya kawaida. Tumechagua kuupata ugumu kwa umbo: kikalio kimepindwa, na chini yake kuna mbavu ambazo unene wake hauzidi takriban asilimia 60 ya unene wa ukuta, maana zikizidi hapo, juu hutokea vibonyeo. Mikono ya kiti itasukumiwa gesi ya naitrojeni plastiki ikiwa bado laini, iwe minene mkononi na mitupu ndani.

Hakuna skrubu wala gundi. Vikanyagio vya mpira vya kulinda sakafu ya ndani huchomolewa kwa mkono, na chini ya kikalio kuna alama ya PP, kifupi cha polipropilini, ili mchambuzi wa taka asibahatishe.

Suala lililotugawa zaidi ni rangi. Masizi, unga mweusi wa kutia rangi plastiki, ni kinga nzuri ya jua, tena ya bei nafuu, na plastiki iliyorejelezwa kwa kawaida hutoka na rangi chafu ambayo nyeusi huificha. Lakini mashine nyingi za kuchambua taka huitambua plastiki kwa miale ya infraredi inayoakisiwa, na masizi huimeza miale hiyo. Kiti cheusi hupita mbele ya mashine kama hakipo. Aidha, jua la mchana hukifanya kisikalike. Kamati imeamua tutumie kijivu na rangi za udongo, pamoja na dawa za kukinga jua zinazochanganywa ndani ya plastiki yenyewe. Najua uamuzi huu unapandisha gharama, na bado nautetea.

Kiasi cha plastiki iliyorejelezwa hatujakitangaza, na naomba mtuvumilie. Kila polipropilini inapoyeyushwa minyororo yake hufupika; hutiririka vizuri zaidi kalibuni lakini hupungukiwa ustahimilivu. Ikiingiliwa na plastiki ya aina nyingine, hudhoofika zaidi. Tutapanda hatua kwa hatua, na kila mchanganyiko utapita kwenye taa ya zenoni, inayoiga mwanga wa jua, kwa kufuata kiwango cha kimataifa ISO 4892, na majaribio ya mzigo ya kiwango cha Ulaya EN 581 cha samani za nje. Kiasi cha plastiki iliyorejelezwa kitakachofaulu ndicho kitakachoandikwa.

Wapo walioomba kalibu ya kuzungushwa, ambamo unga wa plastiki huyeyuka na kuganda kwenye kuta kalibu ikizunguka, badala ya ya kudungwa, kwa kuwa ni rahisi na inafaa karakana ndogo. Hoja ni nzito. Njia hiyo hutumia zaidi poliethilini, plastiki ya aina nyingine, huchukua muda mrefu kwa kila kiti, na ingehitaji umbo jingine kabisa. Kamati inapendekeza ipewe mchoro wake wa pekee mwaka ujao, nanyi mtalipigia kura pendekezo hilo leo chini ya ajenda ya mipango.

Kwa wanakamati waliojitolea jioni zao, na kwa wale waliotupinga kwa hoja, ahsanteni sana. Mwenye kiti cha plastiki kilichovunjika nyumbani amkabidhi katibu, pamoja na vipande vyake vyote, na aeleze kilikaa ndani au nje na kwa muda gani. Majaribio ya mzigo yataanzia kwenye sehemu hizo zilizovunjika.