Kipimajoto cha bandarini hakimkingi muuguzi wa zamu ya usiku

Ndugu Mhariri,

Habari yenu ya juzi kuhusu wasafiri wanaopimwa joto wakishuka maboti ya kutoka Kongo imenishikisha kalamu, jambo ambalo sijalifanya tangu nistaafu uuguzi. Wapimwe, sipingi. Lakini Ebola na Marburg, homa za virusi zinazoweza kumtoa mgonjwa damu, huweza kukaa mwilini hadi siku 21 kabla homa haijaanza. Mtu atapita bandari ya Kibirizi mzima kabisa, afike Kasulu au Uvinza ndipo aanguke, na wa kumpokea ni binti wa zamu ya usiku kwenye kituo cha afya.

Binti huyo ana nini mkononi? Mwezi uliopita tulimkimbiza dada yangu kituoni usiku, homa kali, damu inamtoka puani. Ilikuwa malaria, namshukuru Mungu, lakini hayo tuliyajua asubuhi! Usiku kucha alilala kitanda kimoja na mgonjwa mwingine. Bomba kavu. Glavu tukaambiwa tukanunue, na maduka ya dawa yamefungwa. Muuguzi, mtoto wa watu, akamfuta damu kwa mikono mitupu. Kulipokucha tukakabidhiwa mashuka yenye damu tukafue nyumbani. Nyumbani, Mhariri, kwenye watoto! Yambuku, Kongo, mwaka 1976 Ebola ilienezwa na sindano za hospitali zilizotumika mgonjwa hadi mgonjwa. Kikwit, hukohuko Kongo, mwaka 1995 karibu robo ya waliougua Ebola walikuwa wahudumu wa afya, na maambukizi wodini yalikatika walipopata vifaa vya kujikinga na kufundishwa kuvitumia. Gulu, Uganda, mwaka 2000 tulimpoteza Dkt. Matthew Lukwiya, aliyeambukizwa Ebola akihudumia wagonjwa. Na nani atasema huko ni mbali? Bukoba, mkoani Kagera, mwaka 2023 Marburg iliua watu 6, mhudumu wa afya akiwemo. Biharamulo, mkoa huohuo, mwaka 2025 Marburg ikaua 10. Kagera tunapakana nao.

Halafu lile shimo la taka nyuma ya kituo. Tanuri la kuchomea taka limebomoka, kuku wanaparura pamba zenye damu, watoto wanaokota mabomba ya sindano wakarushiane maji. Nimelalamika kwa mtendaji hadi nimechoka.

Halmashauri zetu zianzie hapa. Kila kituo kipate simtanki la kukinga maji ya paa na chumba kimoja chenye mlango wake kwa mgonjwa wa homa anayetoka damu. Ziwepo ndoo mbili zenye koki na vifuniko: moja ya dawa ya klorini ya kufulia (yenye nguvu ya asilimia 5), sehemu 1 kwa maji sehemu 9, ya kumwagia damu, nyingine sehemu 1 kwa 99, ya vyombo na mashuka. Zichanganywe upya kila asubuhi. Na boksi la glavu likae mezani kwa muuguzi wa usiku, lisifungiwe stoo ambayo mwenye ufunguo amelala kwake.

Muuguzi mstaafu,
Kasulu, Kigoma