Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: tuuziwe kiti, si gari zima

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,
Mwanza.

Yah: Usafiri wa kiti kwa kiti kwenda Serengeti kupitia lango la Ndabaka

Mheshimiwa, shikamoo.

Mimi ni mwekahazina wa kikoba cha akina mama wa Buzuruga. Tuko ishirini na wanne: wauza dagaa, mafundi cherehani, mama lishe wawili, mwalimu mstaafu, na mimi mwenye duka la vifaa vya shule. Mtaro wa mtaani kwetu una mambo yake, lakini leo sijaja na mtaro. Nimekuja na habari za kwenda kuona simba.

Ukisimama kituoni kwetu asubuhi utawasikia makonda: Magu, Lamadi, Bunda, Musoma! Kila gari linalofika Bunda limepita mbele ya lango la Hifadhi ya Serengeti. Lango la Ndabaka liko pembeni kabisa ya lami, ukishaipita Lamadi kidogo, na kutoka mjini hapa hazifiki kilomita 150. Anayetokea Arusha ana safari ya siku nzima, tena apande Ngorongoro na kushuka. Sisi tungekuwa getini chai ya chupa ikiwa bado ya moto. Nimeishi Mwanza miaka thelathini na moja, nimepita pale kwenda misibani Musoma mara nisizozihesabu, na kila mara nililiona lile lango kwa dirishani tu.

Sababu si kiingilio. Watu wengi wanadhani ni kiingilio, hata sisi tulidhani hivyo mpaka tulipouliza. Tulipokwenda, Mtanzania mtu mzima alilipa shilingi 11,800 pamoja na kodi. Hiyo ni hela ya sato mmoja wa heshima. Kinachotushinda ni gari. Basi la abiria linakushusha barabarani, na ndani ya hifadhi huruhusiwi kutembea kwa miguu wala kupanda bodaboda. Ukikosa gari lako, safari yako imeishia getini.

Nikueleze tulivyopanga, maana ndipo utakapoona tunapokwama.

Wazo lilitoka kwa mwalimu mstaafu kwenye kikao cha Januari, tulipokuwa tunabishana kama faida ya mwaka inunue viti vya kukodisha kwenye sherehe au tugawane. Akasema, twendeni Serengeti, wajukuu wanatuuliza twiga ana urefu gani na sisi tunawajibu kwa kukisia. Vigelegele. Kisha mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Nassa kule Busega, akasimama. Akasema yeye tembo amewaona tangu utoto, walikuwa wanakuja usiku kula mahindi ya baba yake bure, kwa nini leo akalipie kuwatazama? Tulicheka, lakini lile neno lilitukaa. Watu wa Busega na Bunda wanaijua Serengeti kwa upande wa hasara: debe la kupigwa usiku, shamba lililolazwa chini asubuhi. Upande wa starehe wanauona kwenye kalenda za ukutani. Yule mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kulipa mchango wake.

Tukaanza kutafuta gari. Land Cruiser ya paa la kufunguka, viti saba vya abiria, tuliambiwa laki sita kwa siku, mafuta juu yetu. Mimi kazi yangu hesabu, nikaandika nyuma ya daftari la kikoba: 600,000 gawa kwa 7, karibu 86,000 kwa kichwa, na hapo bado mafuta, bado ushuru wa gari kuingia, bado chakula. Na ukiwa na abiria watano tu, viti viwili vitupu unavilipia vilevile. Sisi ishirini na wanne tungehitaji magari manne. Kikoba kingekufa siku hiyohiyo.

Ndipo akatokea dalali, na Coaster. Sitamtaja, wala mwenye gari simtaji. Nia yangu si kumfungia mtu riziki. Alituahidi mambo matatu: kwamba gari linafaa njia za hifadhini, kwamba dereva anazijua, na kwamba nyumbu wote wangekuwa upande wetu. Tukachagua Jumamosi ya Pasaka kwa sababu ndiyo siku ambayo kila mmoja angeweza kufunga biashara. Mwaka huo Pasaka iliangukia Aprili.

Mheshimiwa, wewe au msaidizi wako mnaweza kuwa mmeshaona kosa. Aprili ni masika. Sisi wa Kanda ya Ziwa tukisema "mbuga", wa Dar es Salaam anafikiria wanyama, lakini mkulima wa Usukumani anafikiria udongo: ule mweusi wa bondeni, unaopasuka nyufa kiangazi na kugeuka gundi mvua zikinyesha. Ushoroba wa magharibi wa Serengeti, kuanzia Ndabaka kuelekea mto Grumeti, sehemu kubwa ni udongo huo huo. Wazazi wetu wamelima pamba na mpunga kwenye mbuga na wote tunajua ng'ombe anavyozama humo. Hata mmoja wetu hakukumbuka. Tuliposikia Serengeti, akili zikaruka moja kwa moja kwa simba.

Hata nyumbu hatukuwapata. Niliuliza baadaye nikaelewa. Wanazalia nyanda za kusini, Ndutu na kando zake, mwanzoni mwa mwaka. Aprili misafara mikubwa bado iko mbali na kwetu. Upande wa Grumeti wanafika Mei kuelekea Juni, halafu Julai wanasukumana kaskazini kwenda mto Mara. Yaani kila mwaka maelfu kwa maelfu ya wanyama wanasogea upande wetu huu wa magharibi, na sisi wenye ziwa hatuna gari la kwenda kuwapokea.

Coaster ilizama saa nne na nusu asubuhi. Hatukuwa tumefika hata Kirawira, huko ndani kwenye ushoroba huo. Hifadhi yenye kilomita za mraba 14,763, kwetu ikawa imeishia palepale kwenye dimbwi. Dereva alikanyaga mafuta, tairi za nyuma zikachimba, matope yakaruka mpaka kwenye vioo, halafu kimya. Upande wa kulia nyati watatu walikuwa wamelala wakicheua, wametulia kama wazee wa baraza wanaosubiri mtuhumiwa aanze kujitetea. Sheria ya hifadhi hairuhusu kushuka garini popote unapojisikia, na siku ile niliielewa sheria hiyo kuliko aliyeiandika.

Tulikaa saa tatu. Na hapa naomba radhi kwa lugha, lakini ni mambo ya safari: mwalimu wetu mstaafu alikuwa amemaliza chupa mbili za maji tangu Magu. Barabara kuu ukibanwa, unamwambia konda, gari linasimama, watu wanachimba dawa, safari inaendelea. Pale? Mwishowe tulifungua mlango wa upande usio na nyati, wawili wakashika khanga kama pazia, tukashuka mmoja mmoja, mkono mmoja haukuachia bomba la ngazi. Yule wa Nassa alikaa dirishani upande wa pili kama mlinzi, akitutangazia: "Wa katikati ametingisha sikio! Bado wamelala!" Mpaka leo kwenye vikao mtu akichelewesha rejesho tunamwambia wa katikati ametingisha sikio.

Askari wa hifadhi waliokuja kutuvuta walikuwa waungwana, nawashukuru. Mmoja alituuliza kwa upole nani alituambia gari lile lingepita mwezi ule. Tukatazamana. Tulirudi getini saa tisa, tukiwa tumeona nyati watatu, nyani waliotuibia maandazi, nyamera mmoja juu ya kichuguu, na twiga. Twiga, kwa kweli, alitulipa. Alivuka njia mbele yetu taratibu kama mtu asiyedaiwa, na gari zima la akina mama wasiojua kunyamaza lilinyamaza.

Sasa ombi langu. Naomba uwaite mezani watu ambao kila mmoja ana kipande chake cha jambo hili: wa hifadhi za taifa, wa leseni za usafirishaji, wa Manispaa ya Ilemela wenye stendi ya Nyamhongolo, na wenye magari ya utalii waliopo hapa Mwanza. Lipatikane gari moja, la juu, la tairi zinazokubali njia ile, liondoke kila Jumamosi kuanzia Juni mpaka Oktoba, liuze tiketi kwa kiti. Serikali haihitaji kununua hata tairi. Mwenye gari anachokosa leo ni uhakika wa abiria, na abiria anachokosa ni wenzake sita wa kujaza gari. Kila Jumamosi mji huu una watu sita hao, ila hawajuani. Muuza duka wa Igoma hamjui nesi wa Kirumba. Akiwakutanisha mtu mmoja mwenye orodha na risiti, kazi imekwisha.

Jambo lenyewe si geni. Kwenye kivuko cha Kamanga kila mmoja analipia nafasi yake. Hakuna anayeambiwa akodi kivuko kizima ndipo avuke. Na mabasi ya Musoma na Mugumu kwenda Arusha yamekuwa yakikatiza ndani ya Serengeti miaka na miaka, na abiria wamo kwa tiketi ya kawaida, shingo zimepinda dirishani, simba anapita na basi nalo linapita. Sisi tunataka tu gari ambalo simba akionekana, linasimama.

Liondoke saa kumi alfajiri. Hili nalisisitiza kwa sababu sisi tuliondoka saa moja kasoro, tukisubiri mwenzetu afunge banda la kuku, tukalipia makosa hayo. Ukiwa getini saa kumi na mbili linapofunguliwa, unawakuta wanyama bado wako kazini. Kufika saa tano jua limeshawaka, simba amelala chini ya kichaka, na wewe unalipia kutazama kichaka. Mwendo ndani hauzidi kilomita 50 kwa saa, hivyo muda uliopotea asubuhi haufidiki. Tiketi iwe imeshajumlisha kiingilio, kilipiwe huku huku mjini siku moja kabla, ili foleni ya getini isile saa nzuri. Jioni gari lisimame Lamadi watu wale samaki. Wenye vibanda vya pale nao wapate chao. Wao ndio majirani wa tembo.

Najua utaniambia Serengeti si mkoa wako. Kweli, huko ni Simiyu na Mara. Lakini abiria ni wako, stendi ni yako, na wenzako wa mikoa hiyo miwili simu zao unazo.

Mwingine ataniambia twende Saanane. Tumekwenda, mara tatu mimi peke yangu. Nakipenda kile kisiwa, na kwamba jiji lina hifadhi ya taifa mbele ya Capri Point ni fahari. Lakini eneo lake lote halizidi sana kilomita mbili za mraba, maji yakiwemo. Ukishazoeana na pimbi wa Saanane, unataka kuona mnyama asiyekujua. Rubondo, hifadhi nyingine ya kisiwani, nayo iko kwenye ndoto zetu, ina sokwe na nzohe, yule swala wa majimaji, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 njia ya upande ule hatusubiri tena kivuko. Lakini hiyo ina boti na kulala. Tusianze na mlima kabla ya kichuguu.

Tusipewe bei ya huruma. Tulipiga hesabu upya baada ya Pasaka: gari la viti ishirini na vitano likijaa, kiti kinaweza kushuka chini kabisa ya ile 86,000 na mwenye gari bado akalala usingizi. Daftari ninalo, nikiitwa nitakuja nalo.

Kikao cha mwezi huu tumepitisha viti kumi na vinane kwa Jumamosi ya kwanza ya Juni, fedha zimeshatengwa na zimo kwenye sanduku la funguo tatu. Wa Nassa amesema safari hii anataka kiti cha dirishani, upande wowote. Tunasubiri kuambiwa tiketi zinakatwa dirisha lipi.

Wako mtiifu,
Mwekahazina wa kikoba,
Buzuruga, Mwanza.