Salamu za Pasaka na Gazeti la Bibi

Ndugu zangu wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Kwa niaba ya familia yangu nawatakia nyote heri na baraka za Sikukuu ya Pasaka, nikimshukuru Mungu aliyetufikisha siku hii katika mwaka ambao bei ya sukari na nauli za mabasi zimewafanya wengi wetu tule sikukuu mijini, mbali na makaburi ya wazee wetu.

Kila Pasaka hunirudisha mwaka 1979, nilipokuwa darasa la sita huko Rungwe. Kampala ilianguka Jumatano, tarehe 11 Aprili, siku mbili kabla ya Ijumaa Kuu. Redio ilitangaza, lakini betri zetu zilikuwa zimekwisha nguvu, na kuzianika hakukusaidia kitu, kwani kwetu jua la Aprili ni la kubahatisha. Bibi akasema atasubiri gazeti. Uhuru lilikuja kwa basi, likapitia ofisi ya Chama na mikononi mwa walimu, hata likatufikia limelegea mikunjo kama noti kuukuu.

Tangu Mwalimu Nyerere alipotangaza, Novemba 1978, kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, kazi ya kumsomea bibi ilikuwa yangu, maana yeye hakujua kusoma na baba mdogo alikuwa vitani. Alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, akisikiliza kama anayesikiliza Injili. Gazeti lilitaja miji na makamanda. Askari wa kawaida halikumtaja. Nilipomaliza habari ya Kampala aliniuliza, "Na mwanangu yuko ukurasa wa ngapi?" Nikakunjua tena, nikasoma yasiyoandikwa: kwamba vijana wote wa Rungwe ni wazima. Jumapili ile bibi alivaa kitenge chake cha sandukuni, akawatangazia wenzake nje ya kanisa. Vita vilipokwisha, mwezi Juni, gari la jeshi lilisimama mbele ya ofisi ya kijiji. Bibi alifariki bila kuniuliza, nami uongo ule sijapata kuuungama mpaka leo ninapoandika.

Ndiyo maana nawasihi ninyi mnaoshika simu kutwa. Desemba 2017 askari wetu walipouawa Semuliki, nchini Kongo, wako waliorushiana majina na picha kabla mama mzazi hajabishiwa hodi. Habari ya kufiwa ina mlango wake na ina watu wake wa kuipeleka, usiipitishe dirishani. Usilolijua, sema hulijui, wala usimpe mwenye hofu faraja ya kubuni kama nilivyofanya mimi, kwa sababu siku ya ukweli atalia mara mbili. Na asiyeweza kukizuia kidole chake asijidanganye kwamba alifunga Kwaresima! Mwenye jirani aliye na mtoto jeshini ampelekee hata kilo moja ya sukari kwa bei hiyohiyo tunayoilalamikia, akae naye, amsikilize.

Kristo amefufuka, amefufuka kweli. Awajalie afya, amani na riziki, na wagonjwa wetu awape nafuu. Ibada ya Pasaka mwaka huu nitaisali Kagera, Mungu akipenda, kwani Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita vile, alikozikwa baba mdogo, sijawahi kufika. Nauli nimekwisha kuitenga.