Ile Asiimov chakavu, usiiache

Mombasa, Jumapili usiku

Sahibu yangu Swaleh,

Salaam aleikum. Ujumbe wako nimeusoma nikiwa barazani, nikacheka mpaka jirani akauliza kuna nini. Unauliza iweje bunduki mbili za darubini za mchezo wetu wa Counter-Strike, zote AWP za rangi ya Asiimov, zote zimeandikwa Battle-Scarred, halafu ile iliyochakaa zaidi ndiyo iwe ghali. Unadhani muuzaji amekuona mshamba wa Maskati. La, hajakuona mshamba. Mshamba nilikuwa mimi mwaka 2019, na kisa chenyewe sijawahi kukusimulia kwa aibu.

Unaikumbuka ile AWP niliyobadilishana na kijana mmoja wa saiba, tulipokuwa bado tunalipia kwa saa? Ilikuwa imekwanguka vibaya. Weupe umeingia uchafu, rangi ya machungwa imebaki kama viraka, na darubini yote nyeusi tii, haina hata chembe ya rangi. Niliiona kama baiskeli ya kuazima. Kila mechi nikiishika nahisi watu wananicheka. Basi nikaiweka sokoni Steam, kule wachezaji wanakouziana, kwa bei ya chini kuliko zote, nikasema hata wakikata asilimia 15 yao, potelea mbali. Haikukaa dakika. Baadaye aliyeinunua akanitumia ujumbe wa neno moja la shukrani na neno la pili nisilolijua: Blackiimov. Nikaenda kulitafuta, kumbe ndilo jina la Asiimov yenye darubini nyeusi yote, na watu wanaisaka. Swaleh, usiku ule sikulala vizuri.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Kila skini ya Counter-Strike, yaani rangi inayovishwa silaha, ikizaliwa hupewa namba kati ya 0 na 1, ndiyo floti. Karibu na 0 ni mpya, karibu na 1 imekwisha. Majina unayoyaona sokoni ni vipande tu vya mstari huo: Factory New inaishia 0.07, Minimal Wear 0.15, Field-Tested 0.38, Well-Worn 0.45. Na kutoka 0.45 hadi mwisho kabisa, zaidi ya nusu ya mstari mzima, wameitupia jina moja: Battle-Scarred, yaani yenye makovu ya vita. Kwa hiyo jina hilo halikwambii kitu. Ni kama belo la Kongowea lililoandikwa "mashati". Ndani yake kuna kamera, nguo safi ya daraja la kwanza, na kuna tambara la kudekia.

Hizo zako mbili umesema moja ni 0.46 na nyingine 0.97. Nilikuomba picha, ukanitumia, nikazikuza kwenye simu. Ile ya 0.46 darubini yake imekwanguka nusu: hapa cheupe, pale cheusi, kama ukuta uliopigwa chokaa mvua ikauwahi. Si mpya, si ya zamani. Ile ya 0.97 darubini ni nyeusi yote, na weusi ule unaishika bunduki nzima ikatulia. Ile rangi ya machungwa iliyosalia kwenye kitako, ambayo kwenye bunduki safi inakupigia kelele machoni, sasa inaonekana kama imewekwa kwa makusudi. Ndiyo maana watu wanailipia. Na Asiimov ya AWP huwezi kuipata Factory New hata ukiwa na mafuta ya Oman yote, kwa sababu floti yake inaanzia 0.18. Silaha hii wenyewe waliitaka izaliwe na mikwaruzo.

Usidhani kila skini iko hivyo. Rangi haibanduki ovyo. Msanii anayeichora ndiye anayepanga ni wapi itoke kwanza na ni wapi ing'ang'anie, na chini yake kitokee nini. Akiwa na akili, chini panatokea kitu cha kutazamwa. Asipofikiria, unabaki na chuma kilichochunwa, basi. Bastola ya Glock yenye skini ya Fade wameizuia isivuke 0.08, na nadhani walifanya vyema, maana mng'aro ule ukichunwa hakuna kinachobaki cha kusifia. Kisu cha Rust Coat nacho kutu ndiyo rangi yenyewe, sasa utakitakia upya wa nini?

Halafu kuna zile ambazo hazibanduki kabisa, zinafifia na kuwa nyeusi tu, kama madini yaliyokaa hewani. Kwenye orodha ya mitindo ya Valve, wenye mchezo, zinaitwa Patina. Mimi kila nikiziona namkumbuka mzee wa kahawa aliyekuwa akipita mtaani kwetu wakati wa magharibi. Ulikuwa ukimkimbilia kwa kashata, mimi nilikuwa nalitazama dele lake. Chini, lilipokalia makaa, lilikuwa jeusi la masizi. Katikati shaba imekuwa rangi ya tende mbivu. Lakini mpini, pale mkono wake ulipokuwa ukishika kila siku, ulikuwa uking'aa kama jana tu umetoka kwa fundi. Siku moja mjukuu wake alilisugua lote kwa ukwaju na majivu, likawa la dhahabu tupu. Mzee hakusema neno, ila wiki nzima wateja walimuuliza lile dele lingine amelipeleka wapi.

Na hapo ndipo kuna jambo linalonikera kidogo, sijui kama na wewe limewahi kukupitia. Dele lile lilichakaa kwa mkono wa mzee. Bunduki zetu hazichakai. Floti ikishapangwa imepangwa, ucheze miaka kumi, upigwe mabomu kwenye ramani ya Dust II asubuhi na jioni, mkwaruzo hauongezeki hata mmoja. Kovu zote unazoziona hakuna vita iliyozileta. Nikiishika Battle-Scarred yangu najua navaa makovu ya kununua. Kilichochakaa kweli kiko mezani: kibodi yangu ile ile uliyoniachia, herufi W, A na D hazisomeki tena, S imebaki mkia. Juzi mpwa wangu alitaka kuandika jina lake akakwama. Hiyo ndiyo Battle-Scarred ya halali, na sokoni haina bei.

Lakini ukiniuliza kama nitaacha kuipenda ile nyeusi kwa sababu makovu yake ni ya kuchora, sitaacha. Jicho halina habari na mambo hayo. Kuna watu hukusanya silaha kumi za daraja la waridi (moja chini ya nyekundu, ambalo ndilo la Asiimov yetu) zilizokwisha kabisa, ambazo wengine wanaziita takataka, wazipeleke kwenye mkataba wa kubadilisha kumi kwa moja, kwa kuwa uchakavu wa zile kumi ndio unaoamua uchakavu wa itakayotoka. Mtu anasaka vitambaa vibovu kwa tochi! Namwelewa kabisa.

Haya, la kufanya. Nunua ile ya 0.97, ila si leo. Kwanza iingize mchezoni kwa kitufe cha kukagua, uizungushe taratibu, halafu uitazame kama utakavyokuwa unaishika, si ile picha ya ubavuni tu. Mwanga wa CS2, hili toleo jipya la mchezo, si ule tuliouzoea kabla ya 2023, na kuna skini zilizopendeza zamani ambazo sasa zinaonekana kama zimepakwa vumbi la unga. Ukiipenda mkononi, lipa. Na tafadhali, usiende kufungua makasha ya bahati nasibu ya mchezo ukitumaini itadondoka yenyewe. Ufunguo mmoja ni dola mbili na nusu, nafasi ya kupata silaha nyekundu ni asilimia 0.64, na hata ikitoka nyekundu huenda isiwe hiyo, na ikiwa hiyo huenda floti yake ikawa 0.46. Utanipigia simu usiku wa manane unalia.

Ukiinunua na siku moja ukaichoka, usiiweke sokoni. Nipigie mimi kwanza. Nina deni na nafsi yangu tangu 2019.

Mama anakusalimu, anauliza halua uliyoahidi imekwama wapi. Ijumaa baada ya Isha nitaingia, tucheze kwenye seva ya Dubai, wewe uko jirani nayo, mimi nitajikokota hivyo hivyo.

Wako,
Abdalla

Baada ya kuandika: nimeitazama tena ile picha yako. Pembeni ya mtutu wa ile ya 0.97 kuna kipande cha machungwa kidogo kama ukucha, kimebaki peke yake. Hicho tu mimi ningekilipia.